Kutoka Tallahassee hadi Washington: Marco Rubio na mizani ya dhamiri ya Kikatoliki

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2025, iliyoangukia tarehe 5 Machi, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, Marco Rubio, alihojiwa kwenye televisheni akiwa na msalaba mkubwa wa majivu katika paji la uso. Picha ile ilienea duniani kote. Waamini wengi, hata wa huku kwetu Afrika Mashariki, waliipokea kwa furaha, kwa kuwa si kila siku tunamwona kiongozi wa ngazi ya juu wa taifa lenye nguvu asiyeona haya kutambulikana kuwa Mkatoliki. Siku tano baadaye, Jumatatu ya tarehe 10 Machi, waziri huyohuyo alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya Shirika la Misaada la Marekani, USAID, imefutwa. Ilikuwa mikataba ipatayo 5,200.

Tangu siku hizo zimesikika miongoni mwetu kauli mbili. Wapo wasemao kwamba majivu yale yalikuwa unafiki mtupu. Wapo pia wasemao kwamba kiongozi anayetetea uhai wa mtoto aliye tumboni asihojiwe kwa jambo lingine lolote. Sisi hatukubaliani na kauli yoyote kati ya hizo. Ili kueleza sababu, hatuna budi kurudi nyuma robo karne, katika bunge la jimbo ambalo wengi wetu hatujapata kulifikiria.

Marekani ni shirikisho la majimbo hamsini, na kila jimbo lina bunge lake linalotunga sheria za shule, kodi, magereza, hospitali na mambo mengine yanayomgusa raia kila siku. Bunge la Florida hukutana katika mji wa Tallahassee, na kikao chake cha kawaida ni cha siku sitini tu kwa mwaka. Mwaka 1992 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha kifungu cha katiba kinachomzuia mbunge kukaa kitini zaidi ya miaka minane mfululizo. Nia yao ilikuwa njema: walichoka na wanasiasa waliogeuza ubunge kuwa urithi. Makali ya kifungu hicho yalianza kuonekana mwaka 2000, pale wabunge wakongwe walipolazimika kuondoka kwa wingi na viti vyao kubaki wazi.

Rubio aliingia kwa mlango huo. Alizaliwa Miami tarehe 28 Mei 1971, mtoto wa wazazi waliotoka Kuba. Baba yake alikuwa mhudumu wa baa, mama yake alifanya kazi za usafi hotelini na za dukani. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Miami. Mwaka 1998 alichaguliwa kuwa diwani wa mji mdogo wa West Miami, na mwaka huohuo akafunga ndoa katika Kanisa la Little Flower, Coral Gables. Mwezi Januari 2000 ulifanyika uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha Baraza la Wawakilishi la Florida. Katika duru ya pili ya mchujo wa chama chake cha Republican alimshinda mpinzani wake kwa kura 64 tu, kisha akashinda uchaguzi wenyewe. Kwa hiyo aliapishwa miezi kadhaa kabla ya kundi kubwa la wabunge wapya waliokuja mwezi Novemba, na katika bunge ambalo kila mtu anahesabu miaka minane, miezi hiyo ilikuwa mtaji mkubwa. Katika miaka iliyofuata alipanda kuwa kiongozi wa wabunge wa chama chake, na tangu mwaka 2006 hadi 2008 akawa Spika, wa kwanza mwenye asili ya Kuba katika jimbo hilo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Hapa tunaomba wasomaji watusubiri kidogo, maana jambo hili linafafanua mengi yaliyofuata. Ukomo wa miaka minane ulikusudiwa kupunguza tamaa ya madaraka, lakini kwa maoni yetu ulibadilisha tu mwendo wake. Mbunge asiyeweza kuzeekea katika kiti chake huanza kuutafuta unaofuata tangu siku ya kuapishwa. Kura anayopiga leo anaipima kwa macho ya watakaomchagua kesho, mahali pengine, kwa cheo kingine. Wapo waliopita katika ngazi hiyo bila kupoteza kitu. Hata hivyo ngazi ya namna hiyo humuuliza mtu swali lilelile katika kila kipandio: ni mzigo gani ulioubeba utautua ili uweze kupanda?

Rubio wa Tallahassee alikuwa na mizigo ya kuheshimika. Alipotangazwa kuwa Spika mtarajiwa mwaka 2005, aliwagawia wabunge wenzake kitabu chenye kurasa tupu, akaifanya mikutano ya wananchi kila pembe ya jimbo ili wazijaze kwa mawazo yao. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilitoka kikiwa na mapendekezo mia moja. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa ya kihafidhina cha kawaida, mengine hayakufika popote. Pendekezo lake kubwa la kodi lilikuwa kufuta kodi ya nyumba ambamo mwenyewe anaishi na kufidia pengo hilo kwa kuongeza kodi ya mauzo. Baraza lake lililipitisha, Seneti ikalikataa. Tungelipima pendekezo hilo kwa Mafundisho Jamii ya Kanisa tungelitilia shaka, kwani kodi ya mauzo humwangukia sawasawa mwenye jumba na mpangaji wa chumba kimoja, na mpangaji ndiye huumia zaidi. Lakini mambo ya kodi ni uwanja ambao Kanisa huwaachia walei wafanye uamuzi wa busara, na Mkatoliki mwema anaweza kuwa upande wowote kati ya hizo mbili.

Kuhusu mtoto ambaye hajazaliwa, msimamo wake ulikuwa wazi na haujabadilika. Mwaka 2008, akiwa Spika, Baraza lake lilipitisha muswada uliotaka mwanamke apigwe picha ya mtoto tumboni kabla ya mimba kutolewa; katika Seneti kura zililingana ishirini kwa ishirini, na muswada ukafa. Baadaye, akiwa mgombea urais, alisema hadharani kwamba hakuwahi kutetea ubaguzi wowote kati ya mtoto mmoja na mwingine kwa sababu ya namna mimba ilivyotungwa, ingawa angeunga mkono sheria zenye vighairi endapo zinaokoa maisha ya wengi. Kuna waliomwita kigeugeu kwa kauli hiyo. Hawakumtendea haki. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alifundisha kwamba mbunge ambaye upinzani wake kwa utoaji mimba unajulikana na wote anaweza kuunga mkono sheria pungufu, kama lengo lake ni kupunguza madhara ya sheria iliyo mbaya zaidi. Hapo Rubio alisema kama mtoto wa Kanisa.

Kuhusu mgeni, Rubio wa Tallahassee anashangaza kwa yeyote anayemfahamu wa leo. Alikuwa miongoni mwa wabunge waliodhamini muswada wa kuwaruhusu watoto wa wahamiaji wasio na vibali, waliosoma shule za Florida, kulipa karo ya vyuo vikuu kwa kiwango cha wenyeji. Na alipokuwa Spika, miswada kadhaa ya kuwabana wahamiaji haikufika mbele ya Baraza zima. Wenye siasa kali katika chama chake hawakulisahau jambo hilo. Mtu aliyekulia Miami, miongoni mwa majirani ambao karibu kila mmoja ana shangazi aliyefika kwa mashua, hakuwa na haja ya kusomewa waraka wa maaskofu ili ajue kwamba mhamiaji ni mtu.

Tuongeze hapa jambo ambalo baadhi ya wasomaji huenda hawalijui. Kwa miaka mingi Rubio alisimulia habari za wazazi wake kana kwamba walimkimbia Fidel Castro. Mwaka 2011 waandishi wa habari walionyesha kwamba walikwenda Marekani mwaka 1956, yaani kabla Castro hajashika madaraka. Yeye alijibu kwamba alitegemea masimulizi ya nyumbani, na hatuna sababu ya kumbishia. Familia zote hukumbuka hivyo. Lakini maana yake ni kwamba wazazi wake walihama kutafuta riziki, kama wanavyohama leo wengi wanaozuiliwa mipakani. Maisha yake ya imani pia yamepita njia yenye kona. Alibatizwa Mkatoliki, akiwa mtoto huko Las Vegas familia yake ilijiunga na Wamormoni, kisha wakarudi. Na akiwa mtu mzima amekuwa akisali pia katika jumuiya moja ya Kibaptisti mjini Miami pamoja na kushiriki Misa Takatifu. Hatulisemi hili kwa kumlaumu. Aliyerudi nyumbani kwa hiari mara nyingi huijua nyumba kuliko yule ambaye hakuwahi kutoka.

Mwaka 2009, baada ya miaka yake minane kwisha, alitangaza kugombea Useneta wa Marekani dhidi ya gavana aliyekuwa madarakani, Charlie Crist, ambaye mwanzoni alimwacha mbali sana katika kura za maoni. Wahafidhina walimkumbatia Rubio, Crist akakihama chama, na Novemba 2010 Rubio akashinda. Ni ushindi uliowashangaza wengi, lakini kwa habari yetu ya leo la muhimu ni deni lililotokana nao: aliingia Washington akibebwa na wale hasa waliokuwa wakiuchukia ulegevu wake wa zamani kuhusu wahamiaji.

Mwaka 2013 deni hilo lilidaiwa. Maseneta wanane, wanne kutoka kila chama, waliketi kuandika sheria ya uhamiaji ambayo ingewafungulia watu wapatao milioni kumi na moja wasio na vibali njia ndefu ya kupata uraia. Rubio alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyetumwa kuieleza sheria hiyo kwa wahafidhina. Baraza la Maaskofu Katoliki Marekani lilikuwa limepigania marekebisho ya namna hiyo kwa miaka mingi. Tarehe 27 Juni Seneti iliupitisha muswada kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa. Hasira ya wapiga kura wa chama chake ilikuwa kubwa, na kabla ya mwaka kwisha Rubio alikuwa akisema kwamba mambo hayo yafanywe kipande kwa kipande, ulinzi wa mpaka kwanza. Alipotangaza kugombea urais mwezi Aprili 2015, alichagua Freedom Tower ya Miami, jengo ambamo wakimbizi wa Kuba walikuwa wakipokelewa. Lakini wapokelewaji wa siku hizi hawakuwa tena katika hotuba zake kama zamani. Tarehe 15 Machi 2016 alishindwa na Donald Trump katika jimbo lake mwenyewe, akajitoa.

Katika meza ile ya mwaka 2013 alikuwapo Mkatoliki mwingine, Seneta Dick Durbin wa Illinois, wa chama cha Democratic. Durbin amewatetea vijana wahamiaji kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuyumba. Ni huyohuyo ambaye amekuwa akipiga kura kulinda utoaji mimba, na kwa sababu hiyo askofu wake wa Springfield hakumruhusu kupokea Ekaristi Takatifu. Mwaka 2025, Jimbo Kuu la Chicago lilipotaka kumtunuku tuzo kwa kazi yake kwa wahamiaji, maaskofu kadhaa walipinga, na mwishowe aliikataa tuzo mwenyewe. Baba Mtakatifu Leo XIV, alipoulizwa na waandishi tarehe 30 Septemba kule Castel Gandolfo, alijibu kwa utulivu kwamba ni lazima kuutazama utumishi wote wa mtu, na kwamba anayesema anapinga utoaji mimba lakini anakubali wahamiaji watendewe bila utu, yeye Papa hajui kama huyo anatetea uhai. Kila upande uliokota nusu ya jibu hilo iliyoupendeza. Sisi tunaona kwamba maseneta wawili wale walikuwa wamekwisha kulitoa jibu hilo kwa maisha yao: walikaa meza moja, kila mmoja akiwa na kile ambacho mwenziwe amekipungukiwa.

Tusimfanye Rubio kuwa mtu wa kurudi nyuma tu. Mwezi Desemba 2017, sheria kubwa ya kodi ilipokaribia kupitishwa, alitishia kuipinga mpaka familia za kipato cha chini ziongezewe marejesho kwa ajili ya watoto, na kiwango kikapanda kutoka dola 1,100 hadi 1,400 kwa kila mtoto. Mwezi Novemba 2019 alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani, Washington, akaegemea Rerum Novarum ya Papa Leo XIII kudai ubepari unaozingatia mafao ya wote na hadhi ya kazi. Wachache sana katika chama chake walikuwa wakisema hivyo. Na kuhusu misaada kwa nchi za nje, alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa katika Seneti. Mwaka 2017 aliwaambia Wamarekani kwamba si sadaka, ni chini ya asilimia moja ya bajeti yao, na ni nguzo ya usalama wa taifa.

Ndiyo maana tarehe 20 Januari 2025, Seneti ilipomthibitisha kuwa waziri kwa kura 99 bila hata moja ya kupinga, watu wengi katika mashirika ya Kanisa walipumua. Siku hiyohiyo Rais Trump alisimamisha misaada kwa siku tisini. Tarehe 24 wizara ya Rubio ilitoa amri ya kusimamisha kazi. Tarehe 28 alitoa kibali cha kuendeleza huduma za kuokoa maisha, lakini malipo yalikwama na waliopaswa kukitekeleza kibali hicho walikuwa wakiachishwa kazi. Tarehe 1 Julai, USAID, shirika lililoanzishwa mwaka 1961 na John F. Kennedy, rais wa kwanza Mkatoliki wa Marekani, liliacha kutoa misaada, na kilichosalia kikahamishiwa wizarani.

Huku kwetu amri zile hazikufika kama habari za kigeni. Wahudumu wa afya ya jamii waliokuwa wakiwafuata wagonjwa wa UKIMWI majumbani waliambiwa wasiendelee. Kliniki zilifungwa asubuhi ambayo watu walikuwa tayari wamepanga foleni. Jijini Nairobi, makao ya Nyumbani, yaliyoanzishwa mwaka 1992 na Mjesuiti wa Marekani, Padre Angelo D'Agostino, kwa ajili ya watoto yatima wenye virusi vya UKIMWI, yalijikuta yakihesabu dawa zilizosalia. Catholic Relief Services, mkono wa misaada wa maaskofu wa Marekani unaofanya kazi katika majimbo yetu mengi, lilikuwa likipata karibu nusu ya bajeti yake kutoka USAID. Caritas Internationalis ilisema wazi mwezi Februari kwamba kufunga miradi kwa namna hiyo ni kucheza na uhai wa mamilioni. Rubio, alipohojiwa na wabunge mwezi Mei, alikana kwamba kuna waliokufa kwa sababu ya uamuzi huo. Walio karibu na vitanda vya wagonjwa hawawezi kuikubali kauli hiyo.

Haki inatudai tuzisikilize hoja zake. Anasema fedha nyingi ziliishia kwa makampuni na mashirika makubwa kabla ya kumfikia mlengwa, na hilo ni kweli kwa sehemu kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Anasema nchi zetu zimezoea kutegemea. Maaskofu wetu wamehubiri kujitegemea tangu enzi za wamisionari wa mwisho, na mara ngapi tumekula michango ya wafadhili huku bajeti ya afya ya serikali ikikatwa mbele ya macho yetu bila sisi kupaza sauti? Kanuni ya auni inataka kila ngazi ibebe mzigo wake. Lakini mtoto huachishwa ziwa. Hatupwi nje ya nyumba usiku. Kama nia ilikuwa kutufundisha kutembea, miaka mitatu ya kupunguza hatua kwa hatua ingetosha, na Rubio, aliyekaa miaka kumi na minne katika Seneti akiisimamia kazi hii, alijua vizuri jinsi ya kuifanya.

Wakati huohuo katika jimbo lake la nyumbani, Askofu Mkuu Thomas Wenski wa Miami, mpenda pikipiki anayejulikana, alikwenda mwezi Julai 2025 na waendesha pikipiki wenzake kusali Rozari nje ya lango la kambi ya kuwazuilia wahamiaji iliyojengwa katika vinamasi vya Florida. Rubio seneta aliwahi kuitaka serikali iwape Wavenezuela waliokimbia udhalimu hifadhi ya muda. Serikali ambayo Rubio ni waziri wake imewaondolea hifadhi hiyo. Mwezi Novemba maaskofu wa Marekani walitoa ujumbe wa pamoja, kwa kura 216 dhidi ya 5, wakipinga kufukuzwa kwa watu kwa halaiki bila kubagua. Hatujui Rubio alijisikiaje alipousoma, wala si kazi yetu kuchungulia ndani ya moyo wa mtu. Tunaweza kuona tu kwamba yule aliyeiacha miswada ya namna hiyo ilale mezani kwake Tallahassee sasa anaketi katika baraza linaloitekeleza.

Je, ndivyo ilivyo lazima kwa mhafidhina anayepanda? Hapana, na mfano tunao. Henry Hyde, Mkatoliki wa Illinois, alikuwa mbunge wa jimbo lake tangu 1967 hadi 1974, kisha akachaguliwa kwenda Washington. Mwaka 1976, akiwa mgeni kabisa bungeni, alipitisha kipengele kinachoitwa kwa jina lake hadi leo, kinachozuia fedha za serikali kuu kugharamia utoaji mimba. Hakuna mhafidhina aliyemzidi kwa hilo. Na ni Hyde huyo, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, aliyedhamini sheria ya mwaka 2003 iliyoidhinisha dola bilioni 15 za kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, sheria iliyoupa nguvu mpango wa PEPFAR. Iliporudiwa mwaka 2008 kwa dola bilioni 48, alikuwa amefariki, na ikapewa jina lake pamoja na la Tom Lantos wa chama cha upinzani. Dawa za kufubaza virusi zilizofika katika zahanati zetu za misheni miaka ile zilikuja kwa sheria ya mtu aliyejulikana kwao kama adui mkubwa wa utoaji mimba. Hyde hakuwa mtakatifu. Mwaka 1998 alikiri kwamba zamani alikuwa na uhusiano nje ya ndoa. Tukubali pia kwamba alikuwa na rais aliyeutaka mpango ule, naye Rubio ana rais asiyeutaka. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini ndipo hasa cheo kinapopimwa.

Vipengele kadhaa vya sheria hiyo vilikoma tarehe 25 Machi 2025 bila kuongezewa muda. Badala ya mfumo wa zamani, Rubio ameanza kufunga mikataba ya afya na serikali moja moja. Ya kwanza ilikuwa Kenya: tarehe 4 Desemba 2025 mjini Washington, yeye na Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, mbele ya Rais William Ruto, walitia saini makubaliano ya miaka mitano ambayo Marekani inakusudia kutoa hadi dola bilioni 1.6, nayo Kenya iongeze dola milioni 850 za kwake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha sehemu inayohusu kupeana taarifa za wagonjwa. Nchi nyingine za Afrika zimefuata. Katika mpango huu fedha zinaelekezwa zaidi mikononi mwa serikali, na hospitali za Kanisa, zilizokuwa zikipokea kupitia mashirika, zitalazimika kuzidai katika hazina za nchi zetu.

Rubio anatajwa miongoni mwa watu wanaoweza kuwania urais mwaka 2028. Kabla ya mwaka huo kufika, tume za afya za mabaraza yetu ya maaskofu zitakuwa zimeketi mara nyingi na mawaziri wetu wenyewe, wengi wao wakiwa wabunge wanaokaa viti vya mbele katika makanisa yetu siku za sherehe, kuwauliza dawa za mwezi ujao zitatoka wapi.